Ajali Hii Ilikuwa na Kinga

Ndugu msomaji, juu ya sikio langu la kushoto nina kovu la nyuzi 7. Watu wa parokia yetu wakiniuliza habari zake, nimezoea kujibu, "Ni ajali tu, na ajali haina kinga." Leo nataka kukueleza kweli yake, maana huenda nyumbani kwako yumo kijana anayetamani pikipiki ya umeme, au wewe mwenyewe hupanda nyuma yake kwenda sokoni.

Vyombo hivi vyazidi kuenea. Huko Kigali, mji mkuu wa Rwanda, serikali iliagiza kwamba tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kuchukulia abiria ziandikishwe zikiwa za umeme tu. Kwetu Tanzania na kwa jirani zetu wa Kenya twaziona pia, kubwa kwa ndogo. Zile ndogo, zenye ubao wa kuwekea miguu mbele ya kiti, watu huziita skuta. Hazinywi petroli, hazitoi moshi, wala hazipigi kelele. Ni chombo chema. Lakini hata ng'ombe mwema, kabla ya kumfunga plau, yafaa kwanza uijue tabia yake.

YALIYONIPATA

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na madaftari ya kupeleka kigangoni, pamoja na nusu gunia la maharage, nami nimechelewa. Kijana mmoja jirani yetu, aliyepata skuta ya umeme kwa mkopo, akakubali kunipeleka. Akaniambia, "Mwalimu, twende safari mbili. Kwanza wewe, halafu nirudie gunia." Nikakataa. Tukalifunga gunia kwa mipira huko nyuma kabisa, nami nikajibana katikati. Akanipa kofia ngumu. Nikaitundika mkononi kama kikapu, kwa kuwa niliona yanuka jasho la watu, na safari yenyewe ni fupi.

Kilima kinapoanza tulisimama kupisha ng'ombe. Walipokwisha kupita nikamhimiza, "Haya, kaza mwendo!" Akazungusha mkono. Gurudumu la mbele likainuka juu, tukaanguka chali. Kijana, aliyevaa kofia yake, akainuka akajipangusa vumbi. Mimi nilichukuliwa zahanati, shati limelowa damu.

KWA NINI TULIANGUKA

Chombo cha magurudumu mawili hakisimami peke yake. Husimamishwa na usukani. Mwaka 1817 Mjerumani mmoja, Karl von Drais, alitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedali. Kikielekea kuanguka kushoto, mwendeshaji aligeuza gurudumu la mbele kushoto kidogo, nacho kikasimama tena. Hivyo ndivyo baiskeli na pikipiki zote zinavyokwenda hata leo. Ukiukaza usukani wa baiskeli kwa kamba usigeuke, hata fundi wa kuendesha ataanguka. Basi gurudumu la mbele likiwa hewani, usukani hauna kazi tena.

Je, ni nini kililiinua? Kwanza ni mzigo. Umepata kuona mkokoteni uliopakiwa nyuma tu: mikono yake huinuka juu. Gunia letu lilikaa nyuma ya gurudumu la nyuma, likawa lavuta chini huko na kupunguza uzito mbele. Na tulipoanza kupanda kilima, uzito ukazidi kurudi nyuma.

Pili ni mota ya umeme. Injini ya petroli huunguruma kwanza, ndipo nguvu zake zije. Mota ya umeme hutoa nguvu zake kubwa kabisa hapo hapo inapoanza kuzunguka. Ukizungusha mkono kwa pupa, huruka. Nayo ikiwa imewashwa, husimama kimya kama iliyozimwa. Kwa hiyo, mama, usimwache mtoto aichezee uani. Na wewe kijana, uzime na kuondoa ufunguo kabla ya kushuka, na kabla ya kuisukuma kwa mkono.

MAMBO MENGINE YA KUJUA

Magurudumu ya skuta ni madogo, mara nyingi ya inchi 10 au 12, na ya pikipiki ya kawaida ni kama inchi 17. Shimo ambalo kubwa hulivuka, dogo huzama ndani yake na kuupokonya usukani mikononi. Katika njia zetu za makorongo na mchanga, usiende na skuta kama uendavyo na pikipiki kubwa.

Tena, haisikiki. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeagiza kwamba tangu Julai 2021 kila gari jipya la umeme litoe sauti linapokwenda polepole, ili waendao kwa miguu walisikie. Lakini agizo hilo halikuzihusu pikipiki. Bibi yako aliyejitwika ndoo hatakusikia ukija nyuma yake. Punguza mwendo, piga honi ungali mbali, umpe nafasi.

Kumbuka pia kwamba ukienda kilomita 40 kwa saa, kila sekunde unapita mita 11. Ukiongeza mwendo mara mbili, breki zitahitaji njia mara nne kukusimamisha. Shika breki zote mbili kwa upole, na kwenye tope au mchanga usiikamate ya mbele kwa ghafla.

Na kofia ngumu je? Mwaka 2008 wataalamu walikusanya pamoja uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi kuhusu waendeshaji pikipiki waliopata ajali. Waliona kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa kama 42 katika mia, na ya kuumia kichwa kwa 69 katika mia. Lakini ni kofia iliyofungwa kidevuni. Ile yangu ya mkononi ililinda kiwiko. Ikiwa wachukia jasho la wengine, funga kitambaa safi kichwani kwanza, au ununue yako.

DENI LANGU

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Baada ya siku ile watu walisema kwamba kijana yule ana wazimu wa mwendo. Wengine wakaacha kupanda chombo chake, na mkopo wake ukaanza kumlemea. Mimi nilisikia, nikanyamaza. Haikuwa vigumu kunyamaza, kwa sababu kila mtu alikuwa akinipa pole.

Lakini ni nani aliyekataa safari mbili? Ni nani aliyesema kaza mwendo? Nimekwenda kwao, nimemwomba radhi mbele ya mama yake, nami nimelipa gharama ya taa iliyovunjika. Nalirudia hapa ili majirani wasome.

Ndugu msomaji, anayepanda nyuma naye ana sehemu yake katika usalama wa chombo. Dereva akikwambia mzigo umezidi, mwamini. Akikupa kofia, ivae. Usimharakishe. Wazee walisema ajali haina kinga, na ziko za namna hiyo. Yangu ilikuwa nayo. Nilikuwa nimeitundika mkononi.