Degedege si ‘dege’: Dhana 4 zinazochelewesha tiba ya watoto

Kilosa/Mikumi. Mvua za masika zikiacha madimbwi kandokando ya Mto Mkondoa, mbu huongezeka na homa za watoto nazo huongezeka. Umbali wa hospitali ni tatizo, lakini muda mwingi hupotea nyumbani, pale dalili ya kwanza inapopewa maana isiyo yake. Hizi ni dhana nne zinazosikika sana, na ukweli wake.

1. “Degedege halitaki sindano”

Mtoto anakakamaa, macho yanageuka juu, mikono na miguu inarukaruka. Jina lenyewe limebeba imani ya zamani kwamba kuna ‘dege’ lililompitia mtoto. Ndiyo maana wapo wanaoanza kwa kumfukiza kinyesi cha tembo, na wapo wanaosema eti akichomwa sindano anakufa.

Ukweli: Degedege ni dalili. Linaweza kuletwa na homa ya kawaida, hasa kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Linaweza pia kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Kwa macho huwezi kutofautisha, vipimo ndivyo vinavyosema.

Hofu ya sindano ina chanzo chake. Mtoto anazungushwa siku mbili, anafikishwa akiwa hoi, anachomwa sindano, anafariki. Sindano inalaumiwa, zile siku mbili zinasahaulika. Wakati sindano ya artesunate ndiyo tiba ya kwanza ya malaria kali.

Suala hili si geni Kilosa. Mwaka 2006 jarida la Malaria Journal lilichapisha utafiti uliofanyika Kilosa na Handeni kuhusu nafasi ya waganga wa jadi katika malaria kali ya watoto wa chini ya miaka mitano. Mganga akiwa ndiye mtu wa kwanza kufuatwa, neno lake “mpelekeni hospitali sasa hivi” linaweza kuokoa maisha.

Degedege likianza, mtoto alazwe kwa ubavu na nguo zilegezwe. Asiwekewe kijiko wala kidole mdomoni, asinyweshwe kitu mpaka azinduke. Safari ya kituo ianze.

2. “Anaharisha kwa sababu ya meno”

Ukweli: Meno huanza kuota karibu na miezi 6, umri uleule mtoto anapoanza kula, kutambaa na kutia kila kitu mdomoni. Vijidudu vinaingia kwa njia hiyo, meno yanasingiziwa.

Hatari zaidi ni kung’oa kinachoitwa ‘meno ya plastiki’. Hayo ni meno ya kawaida ambayo bado hayajakomaa kwenye fizi. Kuyang’oa kunaleta damu na maambukizi, na kuharisha kunabaki palepale. Anachohitaji mtoto ni ORS, vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na kuendelea kunyonya au kula.

3. “Kikohozi hakiishi, akatwe kimeo”

Ukweli: Kukata kimeo hakutibu kikohozi, na wembe unaweza kuleta pepopunda. Cha kuangalia ni pumzi. Mtoto akiwa ametulia, zihesabiwe kwa dakika moja nzima. Zikifika 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, huenda ni nimonia. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, hakuna kusubiri.

4. “Homa imeshuka, amepona”

Ukweli: Panadol inashusha joto, haiui vimelea vya malaria. Mtoto anaweza kucheza mchana na kuzidiwa usiku. Kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya dakika 20 hivi. Akikutwa na malaria na kupewa dawa ya mseto, dozi zote 6 za siku 3 zimalizwe, hata kama amechangamka siku ya pili.

Dalili za kuondoka nazo usiku huohuo

Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki. Ikitokea hata moja tu kati ya hizo, bodaboda iitwe. Dawa za nyumbani zisubiri.