Raia katikati ya sheria mbili: mfano wa Irlandi

Leo tunazungumuza juu ya swali moja: kama serkali mbili zinagombania inchi moja, raia apeleke mashitaki yake wapi? Nani atamuamulia juu ya shamba, ngombe ao deni?

Tutazame Irlandi, inchi ya kisiwa jirani na Uingereza. Wazee wetu wa Katanga wanakumbuka askari wa Irlandi waliokuja na Umoja wa Mataifa kati ya 1960 na 1964. Miaka 40 kabla ya hapo, inchi yao wenyewe ilikuwa katika vita.

Irlandi ilikuwa chini ya Uingereza. Mwezi wa nne 1916, wapigania uhuru walishika posta kubwa ya mji wa Dublin na majengo mengine. Siku sita za mapigano ziliua watu karibu 485. Zaidi ya nusu walikuwa raia, na kati yao watoto 40. Wamama wengi wa mji huo walikuwa na waume katika jeshi la Uingereza, na posho yao ilipitia posta. Posta ikafungwa, posho ikakatika, mkate nao ukakosekana. Kwa mama kama huyo, vita ilikuwa njaa ya watoto wake.

Kutoka 1919 mpaka mwezi wa saba 1921, vita ilienea vijijini. Barabara zilichimbwa mitaro, madaraja yakabomolewa, masoko yakakatazwa. Mahali palipowekwa chini ya sheria ya kijeshi, mwenye nyumba alilazimishwa kubandika mlangoni majina ya wote wanaokaa humo. Askari wa serkali walichoma viwanda vya siagi vilivyokuwa vya ushirika wa wakulima. Mtu asiyeshika bunduki akakosa mahali pa kuuza maziwa yake. Wapiganaji nao waliua raia karibu 200 kwa kuwashitaki kuwa wapelelezi. Pande zote mbili zilikata wanawake nywele kwa nguvu ili kuwapatisha haya. Mjini Belfast, mwezi wa saba 1920, maelfu ya wafanyakazi, wengi wao Wakatoliki, walifukuzwa kazini, na jamaa nyingi zikakimbia mitaa yao.

Sasa turudie swali letu. Polisi walikuwa wameacha vituo vingi vya vijijini, na watu wengi hawakwenda tena kwenye tribinali za serkali. Huko magharibi, watu wasio na udongo walianza kuvamia mashamba makubwa na kufukuza ngombe. Ugomvi wa udongo ungeweza kugeuka vita ya majirani.

Ndipo bunge la wapigania uhuru, lililoitwa Dáil, likatuma waamuzi. Mwezi wa tano 1920, avoka Kevin O'Shiel alisikiliza shitaka la shamba katika mji mdogo wa Ballinrobe. Waliodai udongo walishindwa. Hukumu iliwapa haki wenye shamba. Washindwa wakakataa kutii. Wapiganaji, ambao wao waliwazania kuwa marafiki, wakawakamata na kuwafunga kwenye kisiwa ziwani. Watu waliona ya kama tribinali hii haipendelei mwenye kupiga kelele zaidi.

Mwezi uliofuata, Dáil ilipanga tribinali kwa inchi nzima. Katika kila parokia waliketi waamuzi watatu waliochaguliwa kati ya watu wa hapo. Mara nyingi padri alikuwa mmoja wao, na wanawake pia waliweza kuketi. Waliamua madeni madogo. Mambo makubwa yalipanda kwenye tribinali ya wilaya. Hata watu walioipenda Uingereza walileta mashitaki yao huko.

Lakini tusidanganyane. Tribinali hizo zilitegemea bunduki, na aliyeshitakiwa kuwa mpelelezi hakuhukumiwa mbele ya majirani zake; walimuhukumu kwa siri. Na mwaka 1922 wapigania uhuru walipogawanyika na kupigana wao kwa wao, serkali mpya ilizifunga. Mamia ya mashitaki yakabaki katikati. Ikabidi sheria ya 1923 iunde tume ya kumaliza mashitaki hayo na kutambua hukumu zilizotolewa. Sheria nyingine ya mwaka huohuo ilihusu malipo ya mali iliyochomwa.

Tunajifunza nini? Ya kwanza, vita ya wakubwa inaingia kijijini kwa mlango wa ugomvi mdogo usioamuliwa. Ya pili, muamuzi anaaminiwa siku anapomuhukumu rafiki yake. Ya tatu, vita inapokwisha, sheria inauliza ushuhuda. Kwa hiyo, ninyi muliokimbia, andikeni leo mipaka ya shamba, idadi ya ngombe, vitu vilivyochomwa, na majina ya majirani waliokuwa wakiyajua, hata wale wa kabila lingine. Asiyejua kuandika amuombe mtu anayemuamini.

Muzungumuze pamoja:
1. Hapa kwetu, ni ugomvi gani mdogo unaongojea kuamuliwa?
2. Ni nani pande zote zinaweza kumukubali kama muamuzi?
3. Wamama na wageni waliokimbilia kwetu wana nafasi ya kusema?