Gari Limeshuka Bei, Spea Haijashuka

Range Rover ya kizazi cha nne ilipoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, ile ya bei ya chini kabisa iliorodheshwa kwa pauni 71,295. Leo gari la toleo lile, kama limetembea sana, linapatikana hukohuko kwa chini ya robo ya fedha hizo. Bodi lake ni la aluminiamu, viti vya ngozi bado vina hadhi, na likipita mtaani watu wanageuka kulitazama. Pengo hilo la bei linalisha mlolongo mrefu wa watu: wanunuzi wa minadani, mawakala wa meli, mawakala wa forodha wa Mombasa na Dar es Salaam, wenye yadi za Barabara ya Ngong jijini Nairobi, madalali, na mwisho kabisa mafundi.

Mnunuzi wa kwanza, huko ng'ambo, ndiye aliyemeza hasara ya kushuka thamani. Wa pili au wa tatu, akiwa Kinondoni jijini Dar es Salaam au Kileleshwa jijini Nairobi, anaona amepata gari la wakubwa kwa fedha ambazo zingemnunulia Toyota ya kawaida. Hapo ndipo hesabu inapokosewa. Kompresa, gia boksi na taa za mbele za gari hilo bado zinauzwa kwa hesabu ya gari la pauni 71,000. Anayenunua Range Rover Vogue kwa bei ya Toyota Harrier ataihudumia kwa bei ya Vogue.

Sifa ya magari haya kuharibika si porojo za kijiweni. Katika utafiti wa J.D. Power wa mwaka 2023 nchini Marekani, unaohesabu matatizo kwa kila magari 100 yenye umri wa miaka mitatu, wastani wa soko ulikuwa 186. Lexus iliongoza kwa uimara ikiwa na 133. Land Rover ilishika mkia kwa 273. Hata hivyo, takwimu hizo zinataka kusomwa kwa makini, kwa sababu malalamiko mengi ya mwaka ule yalihusu skrini, sauti na simu kugoma kuunganishwa. Mnunuzi wa Afrika Mashariki hasumbuliwi sana na skrini. Matatizo yake huanza gari likielekea mwaka wa nane au wa kumi, plastiki za injini zinapokauka, mipira inapopasuka na nyaya zinapoanza kushika unyevu. Huo ndio umri ambao magari haya hushuka melini.

Sheria za nchi nazo zinaamua ni gari la umri gani litakalofika. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Linaloingia mwaka 2026 lazima liwe limesajiliwa mara ya kwanza mwaka 2019 au baadaye, na usukani uwe kulia. Ushuru wa forodha ni asilimia 35. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 35 kwa petroli ya zaidi ya cc 3,000 au dizeli ya zaidi ya cc 2,500, na asilimia 25 kwa injini ndogo zaidi inayozidi cc 1,500. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Gari la injini kubwa ambalo mamlaka ya mapato ya Kenya, KRA, imelithamini kwa shilingi milioni moja za Kenya litadaiwa zaidi ya milioni 1.1 kwa kodi hizo tatu tu, kabla ya tozo nyingine. Na thamani hiyo inatokana na orodha ya KRA yenyewe. Mnunuzi aliyebahatika kupunguziwa bei na muuzaji wa Birmingham haendi na punguzo hilo bandarini.

Tanzania haikufunga mlango kwa umri, inatoza. Gari la kutembelea lenye zaidi ya miaka minane hadi kumi linaongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na la zaidi ya miaka kumi asilimia 30. Kwa gari la zaidi ya cc 2,000 lenye umri huo wa mwisho, lililothaminiwa na mamlaka ya mapato ya huko, TRA, kwa shilingi milioni 10, ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18 vinafikia milioni 10.65. Bado watu wanaagiza, kwa kuwa thamani yenyewe imeshashuka mno. Ndiyo maana Dar es Salaam utaona Range Rover za miaka ya 2000 zikiwa na namba mpya za herufi E, ilhali Nairobi gari la umri huo ni lile lililoingia zamani na kupita mikono kadhaa ya wenyeji.

Jambo lisilozungumzwa vya kutosha ni jinsi kodi inavyomchagulia mteja injini. Kwa kuwa cc ndizo zinazotozwa, wengi wamekimbilia Evoque, Discovery Sport na Velar zenye injini ya dizeli ya lita mbili, familia inayoitwa Ingenium. Kwenye karatasi ya ushuru ni uamuzi wa busara. Gereji wanaijua vingine. Cheni ya taimingi ya injini hiyo imewekwa nyuma, upande wa gia boksi, na ikianza kulegea au vielekezi vyake vya plastiki vikilika, kuifikia ni kazi ya kufungua nusu ya gari. Injini ya dizeli ya BMW ya lita mbili iitwayo N47 ina mpangilio huohuo na udhaifu huohuo. Mnunuzi aliyeokoa ushuru bandarini anaweza kuurudisha wote gereji ndani ya mwaka mmoja.

Dizeli hizi zina tatizo jingine, la foleni. Ekzosi zake zina kichujio kinachonasa masizi, na kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma pale gari linapokimbia barabarani kwa muda bila kukatizwa. Gari linaloshinda kati ya Mwenge na Posta jijini Dar es Salaam, au Westlands na katikati ya jiji la Nairobi, haliipati nafasi hiyo. Linajaribu kujisafisha, linakatizwa, linajaribu tena. Dizeli ya ziada inayomwagwa kwa ajili ya kuchoma masizi inateremka kwenye oili na kuipunguza nguvu. Mafuta yetu pia ni suala. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua kubwa na ya kupongezwa, lakini injini za kizazi cha Euro 6 zilibuniwa kwa dizeli ya 10. Baadhi ya mafundi wanamaliza tatizo kwa kukitoboa kichujio na kuidanganya kompyuta ya gari. Taa ya onyo inazimika kweli, na moshi uliokuwa unanaswa unaingia mapafuni mwa mwendesha bodaboda aliye nyuma. Suluhisho la namna hiyo halistahili kuitwa matengenezo.

Kwa injini kubwa, jina linalotajwa kwa hofu zaidi ni TDV6, dizeli ya V6 ya lita 2.7 na baadaye 3.0, iliyofungwa kwenye Discovery 3, Discovery 4 na Range Rover Sport. Beringi zake zinaweza kuzunguka mahali pake na kukatisha krenki shafti, mara nyingine bila dalili yoyote ya awali. Likitokea hilo, dawa ni injini nyingine. Mafundi wengi wazoefu wanakubaliana kwamba oili iliyokaa muda mrefu inaongeza hatari. Ratiba za kiwandani kwa Uingereza ziliruhusu zaidi ya kilomita 20,000 kati ya sevisi na sevisi. Kwa vumbi na foleni za hapa, nusu ya hapo ndiyo salama zaidi. Petroli ya V8 ya lita 5.0 ina hadithi yake ya cheni na ya mabomba ya plastiki ya maji yanayopasuka kimyakimya, injini ikachemka kabla dereva hajaelewa. Wajerumani nao hawako salama. V8 ya BMW ya lita 4.4, N63, iliyofungwa pia kwenye X5, imewekewa tabo katikati ya safu mbili za silinda, mahali penye joto kali, nayo ilikula oili kiasi kwamba mwishoni mwa mwaka 2014 BMW ilianzisha mpango maalumu wa kuwahudumia wenye magari hayo nchini Marekani.

Kisha kuna gari linalolala. Badala ya springi za chuma, Range Rover na Discovery nyingi zimekaa juu ya mipira iliyojazwa upepo na kompresa. Mpira ukizeeka unapata nyufa na kuvuja kidogokidogo usiku. Asubuhi gari limeinama upande mmoja. Dereva analiwasha, kompresa inalipandisha, safari inaendelea. Mwenye gari anazoea. Miezi kadhaa baadaye kompresa, iliyokuwa ikifanya kazi mara nyingi kuliko ilivyokusudiwa, inaungua. Sasa anadaiwa mipira na kompresa pia, pengine na rilei yake. Aliyebadilisha mpira wiki ya kwanza alitumia sehemu ndogo ya fedha hizo. Wapo wanaokata shauri kung'oa mfumo wote na kufunga springi za kawaida, na kwa gari la miaka 15 linalokaa mjini uamuzi huo unaeleweka, ingawa linapoteza uwezo wa kujiinua uliolifanya liwe na thamani shambani na porini.

Afrika Mashariki haina uhaba wa mapenzi kwa Land Rover. Oktoba 2024 wamiliki walimiminika Arusha kwa tamasha la magari hayo na msafara uliokusudia kuvunja rekodi ya dunia. Lakini fundi aliyelelewa na Defender 110 kwa spana na sikio lake hawezi kuingia kwenye Range Rover ya 2015 kwa vifaa hivyo tu. Kila kifaa kina kompyuta yake ndogo, na zote zinazungumza. Betri ikichoka, skrini inaweza kumwaga hitilafu kumi zisizohusiana, na fundi asiye na mashine ya kusoma hitilafu atauza sensa tatu kabla ya kupima betri. Kwenye BMW za karibuni betri mpya inatakiwa kusajiliwa kwenye kompyuta ya gari, la sivyo gari linaichaji kama ile kuukuu. Kwa hiyo fundi anatafutwa kabla ya gari: mwenye mashine ya aina hiyo ya gari, anayetoza kwa kupima na si kwa kubahatisha. Kama mji unaoishi hauna fundi huyo, jibu limeshapatikana.

Upande wa spea, mzigo mwingi unapita Dubai na Sharjah, ambako magari yaliyokatwa yanauzwa kwa vipande, kisha unafika Kariakoo jijini Dar es Salaam na Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Ubora unatofautiana sana: spea halisi, ya kampuni iliyokitengenezea kiwanda, iliyotumika, na feki iliyovaa boksi la halisi. Ipo njia halali ya kupunguza gharama ambayo wamiliki wapya hawaijui. Range Rover Sport ya kwanza imejengwa juu ya chasi ya Discovery 3, hivyo mikono mingi ya suspensheni ni ileile. Porsche Cayenne, Volkswagen Touareg na Audi Q7 za kizazi cha kwanza zina mengi ya pamoja chini ya bodi, na kipande kilekile huwa nafuu kikiwa kwenye boksi la Volkswagen.

Ulinzi mkubwa kuliko wote ni wa bure. Uingereza, gari likifikisha miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na matokeo ya ukaguzi huo unaoitwa MOT yako kwenye intaneti kwa yeyote mwenye namba ya usajili: umbali uliosomwa kila mwaka, kilichofeli, kilichoonywa. Muuzaji anayeficha namba ya Uingereza anaficha historia. Kwa gari la Japani iombwe karatasi ya mnada, na ithibitishwe kwa namba ya chasi, maana karatasi nazo zinaghushiwa. Historia inahusu wizi pia: KRA imewahi kukamata katika bandari ya Mombasa magari ya kifahari yaliyoibwa Uingereza, yakiwa yameandikwa kwenye hati kama vyombo vya nyumbani. Kwa gari lililoko yadi tayari, liachwe limezimwa usiku kucha likiwa kwenye kimo chake cha kawaida, mnunuzi alikute asubuhi, injini ya baridi. Muuzaji anayesikia mteja anakuja akawahi kuwasha gari "lipate moto" anajua anachofanya.

Je, inafaa kununua? Kwa mwenye akiba ya pembeni, iliyotengwa kwa matengenezo ya miaka miwili na isiyoguswa na karo, inafaa, hasa gari lenye kitabu cha sevisi kilichojaa. Utulivu wa Range Rover katika safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya ni kitu halisi, na mtu ana haki ya kuupenda. Kwa aliyekopa hadi shilingi ya mwisho ili alifikie, halifai. Land Cruiser V8 au Lexus LX570 ya umri huohuo itamgharimu zaidi siku ya kununua, lakini siku ya kuuza atampata mnunuzi kwa urahisi. Range Rover yenye taa ya injini inayowaka inaweza kukaa kwa dalali miezi, ikishushwa bei kila mwezi.

Zamu inayofuata imeshafika. Range Rover P400e, iliyoanza kuuzwa mwaka 2018, inaunganisha petroli ya cc 1,997 na mota ya umeme, na kwa ujazo huo haifiki kwenye daraja la ushuru wa bidhaa la asilimia 35 la Kenya. Wenye yadi wataipenda. Betri yake ya kilowati-saa 13.1 iko chini ya sehemu ya mizigo, ina umeme wa volti nyingi unaoua, na mafundi waliofunzwa kuushika ni wachache katika kila mji wa ukanda huu. Kipimo cha uwezo uliobaki wa betri hiyo kinafanyika kwa mashine kabla gari halijapakiwa melini, na mnunuzi anaweza kukidai kwa maandishi pamoja na historia ya MOT kabla hajatuma malipo ya kwanza.