Wimbo wa Injili au Mpasho wa Jirani?

Ni Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika nyumba moja ya kupanga huko Kibaha. Redio inafunguliwa. Sauti inapandishwa mpaka vikombe vinatetemeka mezani. Wimbo ni wa Injili, nao unasimulia jinsi adui alivyoaibika mbele ya watu wote. Mpita njia akisikia atadhani hapo pana familia inayoianza siku yake pamoja na Bwana.

Lakini wapangaji wote wa nyumba ile wanajua kinachoendelea. Wimbo haukupigwa kwa ajili ya Mungu. Umepigwa kwa ajili ya mama wa mlango wa mbele.

Tunaijua vizuri habari hii, kwa sababu chumba kile kilikuwa chetu na redio ile ilikuwa yetu.

Tulikosana na jirani huyo kwa ajili ya umeme. Mita ya LUKU ilikuwa moja, wapangaji wanne. Kila mwezi palizuka maneno: nani ana friji, nani anapiga pasi usiku, nani hajatoa mchango wake. Siku moja maneno yakazidi kipimo, tukaacha kusalimiana. Badala ya kubisha hodi na kuyamaliza, tukatafuta wimbo. Kila asubuhi tukawa tunaufungulia, na kila ulipofika mahali pa adui tukaongeza sauti. Naye hakukaa kimya. Jioni alifungulia taarab, tena ile yenye vijembe. Watoto wa nyumba nzima walilala na kuamka katikati ya vita hivyo.

Siku ya tano binti yetu wa miaka sita alikuwa akiosha vyombo uani. Alikuwa akiuimba ule wimbo, na kila alipofika kwenye neno adui alinyoosha mkono wenye povu kuuelekeza mlango wa mbele. Tulipomwuliza adui ni nani, hakusita. Alitutajia jirani yetu, yule yule aliyemlisha na kumwogesha siku tatu tulipolazwa hospitali ya Tumbi kujifungua mdogo wake.

Hapo ndipo tulipoizima redio.

Si Nyumba Moja Tu

Tangu siku hiyo tumekuwa tukisikiliza kwa makini zaidi, na tumezungumza na akina mama wenzetu wa Mailimoja, Mlandizi na kule Kisarawe. Wengi walicheka kwanza, kisha wakakiri. Mmoja hubadilisha mlio wa simu yake kila anapokwenda ukweni, ili wifi ausikie. Mwingine huweka kipande cha wimbo kwenye status ya WhatsApp, na wote waliomo katika kikoba chake wanajua kimemlenga nani. Wapo wanaomwomba mpiga muziki arushe wimbo fulani harusini, wakati upande fulani wa ukoo unapoingia ukumbini. Yapo hata maduka mawili yanayotazamana, kila moja na spika yake mlangoni.

Katika mazungumzo hayo tulisikia pia malalamiko mengi juu ya waimbaji wa siku hizi. Wengine wanasema mavazi ni ya dunia, wengine wanasema uchezaji umepita kiasi, wengine wanasema huwezi kutofautisha Injili na bongofleva. Malalamiko hayo yana nafasi yake. Lakini mwimbaji yuko mbali, hatusikii. Aliye karibu ni mama anayechagua wimbo nyumbani na kushika kitufe cha sauti. Ndiyo maana leo tunataka kusema na huyo.

Tulikotoka

Kila kizazi cha Wakristo kimeulalamikia muziki wa kizazi kinachofuata. Walutheri kutoka Ujerumani walipojenga misheni huku Uzaramo, Kisarawe na Maneromango, katika miaka ya 1890, walikuja na nyimbo za kwao. Wamisionari wengi wa zama hizo waliitazama ngoma kuwa ni jambo la kipagani. Mkristo alitarajiwa kuiacha ngoma na kushika kitabu cha nyimbo. Ilichukua miaka mingi hata watu wakubali kwamba Mungu anaweza kusifiwa kwa mahadhi yetu. Padre Stephen Mbunga aliandika juu ya jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1963, na kule Makumira mchungaji Howard Olson alikusanya nyimbo zenye mahadhi ya makabila yetu katika kitabu cha Tumshangilie Mungu. Leo ngoma inapigwa kanisani na hakuna anayeshtuka.

Baadaye likaja gitaa la umeme, nalo likalalamikiwa. Zikaja kwaya za kaseti. Mama yeyote wa rika letu anakumbuka jinsi kaseti ya Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, au ya Faustin Munishi, ilivyokuwa ikiazimwa nyumba hadi nyumba mpaka utepe ukakatika. Wakaja waimbaji binafsi. Cosmas Chidumule, aliyewahi kuimba dansi katika bendi ya DDC Mlimani Park, aligeukia Injili. Jennifer Mgendi akafungua njia kwa akina mama wengi. Katika miaka ya 2000 Rose Muhando aliitikisa nchi kwa nyimbo za kuchezeka, kisha wakasikika Bahati Bukuku, Christina Shusho na wengine wengi. Siku hizi hata kikundi cha familia kutoka Kahama, Zabron Singers, kinasikika nje ya mipaka yetu kwa njia ya simu.

Kwa hiyo hatuoni sababu ya kuogopa mdundo. Mdundo umebadilika mara nyingi na Injili haikufa. Lakini liko badiko moja ambalo halipigiwi kelele. Katika nyimbo nyingi za kwaya aliyeimba alikuwa sisi: sisi wenye dhambi, sisi wasafiri, sisi tuliookolewa. Katika nyimbo nyingi za sasa anayeimba ni mimi, na mara nyingi anayeimbiwa ni wao: walionicheka, walionisema, waliotaka nisiolewe, waliotaka nisizae. Mwimbaji huenda alitoa ushuhuda wa kweli wa maisha yake. Lakini wimbo ukishafika nyumbani kwetu, lile neno wao tunalijazia majina wenyewe.

Tumeirithi Pwani

Sisi tunaokaa Pwani hatuwezi kujifanya wageni katika jambo hili. Tangu zamani mwanamke wa huku amekuwa na njia ya kusema bila kufungua kinywa. Anavaa kanga yenye jina linalomgusa mtu, anapita mbele ya mlango wa huyo mtu, na ujumbe umefika. Katika miaka ya 1990 mipasho ya taarab iliwaka moto Dar es Salaam, vikundi vya TOT na Muungano vikishindana, na akina mama walijaa kumbini kwenda kumtunza mwimbaji pesa, kila mmoja akiinuka pale ubeti ulipomgusa hasimu wake.

Wakristo wengi tulisema tumeyaacha mambo hayo. Kumbe tumebadilisha kaseti tu. Tena afadhali taarab, kwa maana anayepiga kijembe cha taarab anajulikana kuwa anapiga kijembe. Sisi tunakipiga kwa jina la Bwana. Jirani akilalamika tunamjibu kwamba tunamsifu Mungu wetu, naye hana la kusema. Mtume Yakobo alishangaa jinsi kinywa kile kile kinavyoweza kutoa baraka na laana (Yakobo 3:10). Siku hizi hata kinywa hatukitumii. Tunaiachia spika itulaanie.

Mbona Daudi Alitaja Adui?

Mama mmoja wa Kibaha alitushika hapo. Alituuliza: je, Zaburi hazijajaa adui? Si Daudi aliomba waliomchukia waaibishwe? Alikuwa na haki ya kuuliza, maana yeye aliachwa na mume akiwa na watoto watatu, na nyimbo hizo ndizo zilizomwinua kitandani siku ambazo hakutaka kuamka. Hatuwezi kumwambia mama kama huyo asiimbe juu ya maumivu yake.

Ni kweli, Zaburi zina vilio vikali, kama ile ya 35 na ile ya 109. Lakini tuangalie Daudi alisema na nani. Alipeleka kilio chake kwa Mungu na kukiacha huko. Na siku alipomkuta Sauli pangoni, adui yake halisi aliyekuwa akimwinda amwue, alikata upindo wa vazi lake tu, na hata hilo likamchoma moyo (1 Samweli 24). Naye Bwana Yesu alituagiza tuwapende adui zetu na kuwaombea wanaotuudhi (Mathayo 5:44). Kwa hiyo mama mwenye jeraha na aimbe, na alie mbele za Mungu. Akifunga mlango chumbani mwake na wimbo huo, ni sala. Akiuelekeza dirishani kwa jirani, sala imekwisha.

Bibi na Mihogo Yake

Wakwe zetu wako Kisarawe, upande wa Maneromango. Kule nyumba ya Mkristo na ya Mwislamu zimepakana, na katika familia nyingi ndugu wa tumbo moja wana dini mbili. Mama mkwe wetu hana redio ya kelele. Asubuhi hukaa kibarazani akimenya mihogo na kuimba nyimbo za Tenzi za Rohoni kwa sauti ya chini, anasahau maneno na kurudia.

Jirani yake wa miaka mingi ni bibi wa Kiislamu. Huja na kisu chake, akaketi mkekani kumsaidia kumenya. Siku moja mama alikwama katikati ya ubeti, na yule bibi akammalizia neno lililopotea, kisha wote wawili wakacheka. Amezisikia nyimbo hizo kwa muda mrefu hata amezijua, na hakuna hata moja iliyomfukuza pale mkekani.

Tulijiuliza: jirani yetu wa Kibaha alijifunza nini juu ya Kristo kutoka katika redio yetu? Alijifunza kwamba Mungu wetu ni askari tuliyemkodi kwa ajili ya ugomvi wa LUKU. Kwa majirani wengi wa Pwani wasioingia kanisani, mahubiri ya pekee wanayoyasikia ni nyimbo zinazotoka madirishani mwetu. Hatuna budi kuyapima.

Kabla Hujapandisha Sauti

Mama mpendwa, hatusemi uyatupe mahubiri na nyimbo zilizomo katika simu yako. Tunapendekeza ujiulize mambo machache.

Kwanza, ninamwimbia nani? Kama jibu ni jina la mtu, zima redio uende ukaonane na mtu huyo.

Pili, je, ningeweza kuuimba wimbo huu akiwa ameketi karibu nami? Kipimo hiki ni chepesi nacho hakidanganyi.

Tatu, mtoto wangu anajifunza kuomba nini? Watoto hushika wimbo kabla hawajashika mstari wa Biblia. Keti nao jioni moja, waulize maana ya maneno wanayoimba. Unaweza kushtuka kama tulivyoshtuka sisi.

Nne, sauti yangu inaishia wapi? Jirani anaweza kuwa na mgonjwa, mtoto mchanga, au mume aliyetoka zamu ya usiku. Wimbo mzuri uliopigwa kwa kumtesa mtu umekwisha kuharibika. Nabii Amosi alisema Mungu anaweza kuchoshwa na kelele za nyimbo pale haki inapokosekana (Amosi 5:23-24).

Tano, je, katika wiki nzima tumeimba angalau wimbo mmoja sisi wenyewe, bila redio? Wimbo wa familia baada ya chakula cha jioni, hata kama baba anatoka nje ya sauti, hufanya kazi ambayo spika haiwezi.

Sisi wenyewe tulipenda sana kunukuu Wakolosai 3:16, pale Mtume Paulo anapotaja zaburi, nyimbo na tenzi za rohoni. Lakini hatukuwa tumesoma mistari iliyo juu yake. Katika mstari wa 13 amekwisha kuwaambia wachukuliane na kusameheana. Msamaha umetangulia, wimbo umefuata. Sisi tulikuwa tumeupanga kinyume.

Hodi ya Jumamosi

Jioni ile ile tuliyoizima redio tulivuka ukumbi na kubisha hodi mlango wa mbele. Ni hatua sita tu, lakini zilikuwa ndefu. Mkononi tulikuwa na mchango wetu wa umeme, ule wa mwezi tuliokuwa tukigombania.

"Dada yangu," tulimwambia, "ule wimbo wa asubuhi tulikuwa tunakupigia wewe. Tumekosa. Tusamehe."

Alinyamaza kidogo, akatazama chini. Kisha akasema alijua, na kwamba hata yeye taarab haipendi kiasi hicho, alikuwa akitujibu tu. Akatukaribisha ndani, akatumimina chai. Binti yetu akaja nyuma yetu, akasimama mlangoni akiona haya. Yule mama akampakata kama zamani.

Ugomvi wa mita haukwisha siku ile, ulihitaji mazungumzo ya wapangaji wote na daftari la mahesabu. Lakini asubuhi iliyofuata, Jumapili, tulifungulia redio kwa sauti ndogo, wimbo wa shukrani. Baada ya muda tukasikia kutoka ng'ambo ya ukumbi sauti ya mama wa mlango wa mbele. Alikuwa akituomba tuongeze kidogo, hasikii.