Betri ya Haibridi Ikichoka, Usikimbilie Mpya

Mama mpendwa, taa ya onyo ikiwaka katika Toyota Prius ya familia, huenda mumeo akaambiwa, "Betri kubwa imekufa." Kabla ada ya watoto haijaguswa, mwombe betri ipimwe kwanza.

Dalili ni hizi: kipimo cha chaji hupanda na kushuka upesi, injini haipumziki, petroli huisha haraka. Betri ya Prius ya 2004 hadi 2009 ina vipande 28, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 201.6. Huenda kimoja au viwili tu ndivyo vilivyochoka. Fundi apime kila kipande kikiwa kazini. Ambacho volti zake huanguka kuliko vingine ndicho kigonjwa. Hicho hubadilishwa kwa kinacholingana na vingine, na viungo vyenye kutu husafishwa. Lakini vilivyobaki navyo vimezeeka, basi daini dhamana ya maandishi.

Nawe, usizibe tundu la hewa kando ya kiti cha nyuma kwa kanga wala mikoba, maana joto huua betri. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse kamwe. Gari hununuliwa tena, mama hanunuliwi.