Kabla Kikundi Hakijanunua Printa, Kipige Hesabu ya Ukurasa



Maombi ya mikopo yanayofika katika kitengo chetu cha miradi kutoka vikundi vya kazi za sanaa yanafanana kwa jambo moja. Vijana wanaotengeneza kadi za harusi na kipaimara, akina mama wa batiki wanaotaka lebo za bidhaa zao, wachoraji wa kalenda: wote huomba printa. Na karibu wote huambatanisha ankara kifani ya printa yenye bei ya chini kabisa dukani. Kamati ya usharika huona fedha ni kidogo, hupitisha.

Miaka michache iliyopita nami nilipitisha ombi la namna hiyo. Vijana saba walinunua printa yao kwa furaha. Baada ya miezi minne niliikuta mezani imefunikwa kitambaa. Haikuharibika. Wino ulikuwa umekwisha, na bei ya katriji mbili ilikaribia nusu ya bei ya printa yenyewe. Walikuwa wakiuza kadi kwa bei ambayo haikurudisha hata wino. Sehemu kubwa ya mkopo ililipwa na wazazi wao. Kosa lilikuwa langu pia: niliuliza printa ni shilingi ngapi, sikuuliza ukurasa mmoja ni shilingi ngapi.

Hesabu yenyewe

Hesabu ni rahisi. Chukua bei ya wino, gawanya kwa idadi ya kurasa ambazo wino huo unachapa. Tuchukulie bei za mfano tu. Printa ya katriji inauzwa Sh. 180,000, katriji zake ni Sh. 72,000 na zinachapa kurasa 180. Ukurasa mmoja ni Sh. 400. Printa ya matangi, ambayo wino wake hujazwa kwa chupa, inauzwa Sh. 720,000, chupa zake ni Sh. 160,000 na zinachapa kurasa 4,000. Ukurasa mmoja ni Sh. 40.

Tofauti ya bei ya mashine ni Sh. 540,000. Tofauti ya kila ukurasa ni Sh. 360. Hivyo basi, baada ya kurasa 1,500 printa ya bei kubwa inakuwa imerudisha tofauti yote. Kikundi kinachochapa kurasa 500 kwa mwezi kitafika hapo kwa miezi 3. Kinachochapa kurasa 20 kwa mwezi kitahitaji zaidi ya miaka 6. Hicho hakihitaji printa yoyote, kipeleke kazi steshenari.

Kadi si barua

Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi hutokana na kurasa za majaribio zenye wino mchache, kwa kawaida takribani asilimia 5 ya eneo la ukurasa kwa kila rangi. Hiyo ni kama barua fupi. Kadi yenye maua na rangi iliyojaa nusu ya ukurasa inaweza kula wino mara 10 ya hapo. Kwa hiyo msiamini boksi peke yake. Chapeni kazi yenu halisi, hesabuni kadi zilizotoka mpaka wino ukaisha, kisha gawanyeni. Aidha, katriji zinazokuja na printa mpya mara nyingi zina wino pungufu kuliko zile za kununua.

Wino au leza?

Printa ya wino hutoa picha nzuri na hutumia umeme kidogo, lakini ikikaa wiki nyingi bila kazi wino hukauka na kuziba matundu. Kuyasafisha kunatumia wino uleule. Printa ya leza hutumia tona, ambayo ni unga, haikauki. Inafaa kwa maandishi mengi meusi. Hata hivyo, leza huyeyusha unga huo kwa joto kali, na wakati wa kupasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Penye sola ndogo, mwulizeni fundi kwanza kama mfumo utaihimili.

Lebo za sabuni au asali hukutana na maji. Wino wa kawaida wa rangi nyingi huchuruzika ukilowa. Ulizeni wino unaostahimili maji. Angalieni pia uzito wa karatasi. Karatasi ya ofisini ni gramu 80, ya kadi hufika gramu 200 hadi 300, na printa nyingi ndogo haziwezi kuimeza.

Si lazima kumiliki

Oda ya kadi 20 na oda ya kadi 1,000 si kazi moja. Kiwanda cha uchapaji hutoza gharama ya kutengeneza bamba mara moja. Baada ya hapo kila nakala inayoongezeka ni nafuu. Riso nayo hutumia karatasi mama, kwa hiyo nakala 10 ni ghali lakini 500 ni nafuu. Vikundi vinavyofanya vizuri huchapa sampuli na oda ndogo vyenyewe, na oda kubwa huzipeleka nje.

Maswali ya kamati

Kabla ya kupitisha mkopo, tunaomba kamati iulize:

1. Kikundi kilichapa kurasa ngapi kila mwezi katika miezi 3 iliyopita? Daftari lionyeshwe.
2. Wino wa printa hiyo unapatikana mjini kwetu, au mpaka uagizwe mbali?
3. Ukurasa mmoja wa kazi yao halisi, pamoja na karatasi, ni shilingi ngapi?
4. Bei ya kadi inarudisha gharama hiyo na kubakiza ya matengenezo?
5. Steshenari ya jirani inatoza kiasi gani kwa kazi ileile?

Kwa wafadhili wetu wapendwa, tunashukuru kwa moyo wenu. Ombi letu ni moja: kabla ya kututumia printa, tuulizeni kwanza kama wino wake unauzwa hapa. Printa isiyo na wino inajaza kabati tu.

Wale vijana saba hawakukata tamaa. Leo wanachora, wanachapa sampuli steshenari, na oda kubwa wanapeleka kiwandani. Hawana printa, lakini wana daftari, na kila kadi ina gharama yake humo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka ujao wataomba mkopo wa printa, na safari hii nitajua la kuwauliza.