Mtaa wa 115: Waitaliano wa New York na Mama wa Karmeli

Kati ya mwaka 1880 na 1920 Waitaliano wapatao milioni nne waliingia Marekani. Wengi walikuwa wakulima maskini wa kusini: Sisilia, Kalabria, Kampania. Tunawaita Waitaliano, ila wao hawakuzoea kujiita hivyo. Nchi yao iliunganishwa mwaka 1861 tu, na mtu wa Sisilia hakuelewana kwa urahisi na mtu wa kaskazini. Kila mmoja alikuwa mtu wa kijiji chake na wa mtakatifu msimamizi wa kijiji hicho. Uitaliano waliukuta ng'ambo, ambako wenyeji waliwatia wote kapu moja.

Huko East Harlem, New York, walianza kuadhimisha sikukuu ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, 16 Julai. Kanisa lake likajengwa Mtaa wa 115 mnamo 1884. Waitaliano walisaidia kulijenga, lakini kwa miaka mingi wao waliwekwa kusali chini, katika orofa ya ardhini. Viongozi wengi wa Kanisa pale walikuwa wa asili ya Ireland. Waliwaona wageni hawa kama Wakatoliki nusu: wanaume hawaji Misa, hawajazoea kutoa sadaka ya kila Jumapili, kisha siku ya sikukuu wanatembea pekupeku na mishumaa mizito nyuma ya sanamu. Mfrateri anayejiandaa kwa utume wa parokia ya mjini asipite haraka hapo. Waliokuwa wakilalamika walikuwa watu wema.

Msaada ulitoka kwao Italia. Askofu Giovanni Battista Scalabrini wa Piacenza alianzisha mwaka 1887 shirika la wamisionari wa wahamiaji. Mama Francesca Cabrini alitamani kwenda China. Papa Leo XIII akamwelekeza magharibi, naye akafika New York mwaka 1889. Shule na vituo vyake vya yatima vilimfundisha mtoto Kiingereza bila kumfanya amwonee aibu bibi yake. Mwenyewe alichukua uraia wa Marekani mwaka 1909, na mwaka 1946 akawa raia wa kwanza wa nchi hiyo kutangazwa mtakatifu.

Jikoni mambo yalikwenda kwa upole zaidi. Kijijini nyama ililiwa sikukuu. Marekani ilikuwa rahisi, hivyo tambi zikapata kababu kubwa juu yake, sahani ambayo Mwitaliano wa Napoli angeishangaa. Mkesha wa Noeli walibaki na samaki, kwa kuwa ilikuwa siku ya kujinyima nyama. Hesabu ya samaki saba ni mazoea ya hukohuko Marekani.

Wajukuu wengi wamehama East Harlem. Lakini Julai ikifika, maandamano ya Mtaa wa 115 bado yapo, na miongoni mwa wanaomfuata Mama wa Karmeli wamo Wahaiti wengi, wakiimba kwa lugha yao.